Mawe ya Kusugulia Miguu

Shangazi yangu aliolewa Mombasa mwaka 1978 akitokea Lamu, na tangu hapo amepita njia ya Mtwapa na Kilifi kwa basi mara zisizo na idadi, akienda kwao harusini na matangani, akirudi na kapu la maembe. Hajawahi kushuka kati. Siku moja tukinywa chai ya jioni nilimwambia kwamba kwenye njia hiyo hiyo kuna miji miwili ya kale, Mnarani na Jumba la Mtwana, na kwamba katika mmoja wao kuta za nyumba zimesimama bado, vyumba vimepangana kama vya nyumba aliyozaliwa yeye. Akaweka kikombe chini.

"Na wewe umekwenda mara ngapi?"

"Mara tano, Shangazi."

"Peke yako?"

Nikanyamaza, maana lilikuwa swali la haki. Tukaahidiana kuondoka Jumamosi alfajiri.

Wageni wakija Mombasa huulizia Ngome ya Yesu, na wakipata siku ya pili hupelekwa kwenye magofu ya Gede. Siwalaumu. Ngome ile, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na Gede imeingia 2024. Kila mtoto wa shule pwani amepanga foleni kwenye lango mojawapo. Lakini baina ya hizo mbili, kando ya barabara ile ile ya Malindi, pana magofu yanayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ambako unaweza kukaa saa mbili usimwone mtu ila mtunzaji na kima. Mimi nimefika kuyapenda magofu hayo kuliko ngome yoyote. Ngome hukuonyesha mizinga na mahali askari walipolala. Magofu haya hukuonyesha choo, kisima, na mahali mtu alipovulia viatu.

Ilikuwa Agosti, kusi ikivuma. Shangazi alikuja stendi na buibui lake, leso mbili, tasbihi, chupa mbili za maji na chombo cha mahamri na mbaazi, kana kwamba tunakwenda Somalia. Tulipanda matatu ya Kilifi. Nyali, Bamburi, Shimo la Tewa, daraja la Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo yaliyonyooka safu kwa safu mpaka macho yanachoka. Nilikuwa nimeamua tuanzie mbali halafu turudi nyuma, kwa sababu Mnarani kuna ngazi nyingi na magoti ya Shangazi huyataka mambo magumu asubuhi.

Kabla ya daraja la Kilifi alinigusa mkono. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo kulikuwa na feri, na magari ya Lamu, Malindi na Mombasa yalipangana hapa ng'ambo na ng'ambo. Akanisimulia alivyokuja bi harusi: basi limesimama foleni, jua kali, yeye ndani ya nguo mpya na udi, wauza korosho wakimchungulia dirishani. "Nililia hapa," akasema, akionyesha maji. "Nilipoona ile feri inaondoka upande wa kwetu nikajua sasa nimekwenda kweli." Nimemjua maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia hilo.

Tulishuka upande wa kusini, kabla ya kuvuka. Mji wa Mnarani umekaa juu ya jabali linalotazama hori, karibu na pale feri ilipokuwa ikitia nanga. Ngazi za mawe hupanda moja kwa moja ndani ya miti, na Shangazi alizipanda kwa uradi, ngazi moja subhanallah moja, akipumzika kila alipotaka wala hakutaka kushikwa mkono. Juu kabisa pana upepo, na hori yote iko chini yako, ya kijani na bluu, na mashua zimetulia kama zimechorwa.

Watu waliishi hapa tangu karne ya 14 mpaka nusu ya kwanza ya karne ya 17, mji ulipovunjwa katika mashambulizi ya Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini. James Kirkman, aliyechimba magofu mengi ya pwani ya Kenya, aliuchimba miaka ya 1950. Msikiti mkuu umebaki kuta na nguzo, lakini mihrabu yake ndiyo inayomfanya mtu asimame: imezungushiwa maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe, herufi zimerefushwa na kusukwa mpaka zimekuwa pambo. Fundi hawezi kuchonga vile kwenye jiwe lolote analookota. Kuta za kawaida zilijengwa kwa mawe ya matumbawe makavu yanayochimbwa ardhini, magumu na yenye matundu, yakashikanishwa kwa chokaa ya kuchoma. Kwa mihrabu na miimo ya milango, walikata tumbawe hai kutoka baharini, likiwa bado laini na limelowa, wakalichonga kabla halijakauka. Likishakauka ni jiwe kama jiwe jingine. Kwa hiyo kila herufi pale iliandikwa kwa haraka ya aina fulani, mkono ukishindana na jua.

Nje ya msikiti ndipo penye makaburi ya mnara, yaliyoupa mji jina. Kaburi limejengewa ukuta, na kichwani pameinuliwa nguzo ya mawe, refu kuliko mtu. Utayaona pwani nzima, mpaka Tongoni na Kunduchi kule Tanzania, na katika baadhi yake mafundi walipachika bakuli na sahani za Kichina kwenye lipu, ziking'aa juu ya maiti. Fikiria safari ya sahani hiyo: kutoka tanuri la China hadi Bahari Hindi, kutoka jahazi hadi jahazi, ikingojea kaskazi, ikashushwa hapa kwa bei ya pembe au boriti, na mwenye nayo akaona isiliwe wali, ikae juu ya kaburi la baba yake. Jirani na hapo mtu amekwaruza jina lake na la mpenziwe kwenye lipu kwa kitu cha ncha. Shangazi alipoliona alikunja uso, akapitisha kidole juu yake kama anayefuta chaki. Halikufutika.

Chini ya mbuyu mkubwa tulikula mahamri yetu. Chakula cha mchana chenyewe tulikila mjini Kilifi, wali wa nazi na samaki wa kupaka, baada ya kuvuka daraja kwa miguu kwa sababu Shangazi alitaka kuvuka pale kwa miguu angalau mara moja. Halafu matatu ya kurudi, tukashuka kabla ya kuingia Mtwapa, na boda boda mbili zikatupeleka mpaka lango la Jumba la Mtwana kupitia njia ya vumbi.

Jumba la Mtwana. Mtwana ni mtumwa mwanamume. Hili ni jumba la mtumwa. Jina hilo walilipa wenyeji wa baadaye, waliokuta kuta msituni. Jina lenyewe la mji, lile mama alilomtajia mtoto akimwambia hapa ndipo kwetu, halipatikani katika maandishi yoyote ya kale. Kila nikifika hapo jambo hili hunikaa kifuani. Mji ulikuwa na misikiti minne, visima, nyumba za mawe za kutosha kuitwa mji mbele ya yeyote, na kilichosalia katika vinywa vya watu ni kumbukumbu ya mtu mmoja asiye huru, ambaye naye jina lake halikutajwa.

Ulistawi karne ya 14 na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kirkman alipouchimba mwaka 1972, vigae ndivyo vilivyomwambia. Vyombo vya Kichina vilibadilika namna na rangi kila kizazi, na wataalamu wanazijua zamu zake. Ukikuta vya zamu hii na ukakosa vya zamu inayofuata, umejua watu waliacha kuvunja vyombo lini, yaani waliacha kuishi lini. Mji hauna bandari. Pwani yake ni mchanga na mwamba tu, na vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga kwenye hori ya Mtwapa. Lakini pana maji matamu ya kisima, na pamekaa mahali panapopata upepo wa kaskazi na wa kusi pia, na pengine kukosa bandari kwenyewe kulikuwa kinga dhidi ya adui wa baharini. Tulipoingia chini ya mibuyu tukausikia upepo huo, na Shangazi akafungua fundo la leso shingoni akasema, "Hawa walijua pa kukaa."

Wachimbaji wamezipa nyumba majina: Nyumba ya Jiko, Nyumba ya Mabirika Mengi, Nyumba ya Milango Mingi, ambayo hudhaniwa ilikuwa ya kupangisha wageni. Mimi safari zangu zote tano nilikuwa nikisoma vibao na kupiga picha. Shangazi hakusoma kibao hata kimoja. Aliingia kwenye nyumba ya kwanza kwa mguu wa kulia, akatoa salamu, akasimama. Kisha akaanza.

"Hapa ni daka. Mgeni asiyejulikana haendi mbele zaidi." Akapita ndani. "Hapa msana." Chumba kirefu, chembamba. "Na huku nyuma ni chumba cha ndani, hapa ndipo mwenye nyumba alipozalia na hapa ndipo alipooshewa maiti wake." Akageuka pembeni, akaona tundu la sakafuni na kijiwe kando yake. "Na choo ndicho hiki, karibu na ndani, si nje kwenye baridi." Akiingiwa na furaha Kiamu, lahaja ya Lamu, humrudia chote, na sasa alikuwa ananiita, "Ndoo! Ndoo uone!", yaani njoo, kutoka chumba hadi chumba.

Nilimuuliza jambo ambalo siku zote lilinitatiza: mbona watu wenye mali hivi walijenga vyumba vyembamba hivi? Akanitazama kwa huruma. "Boriti," akasema. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nzito, nayo imebebwa na boriti za mikoko. Mkoko una urefu wake, na boriti haiungwi katikati; kwa hiyo upana wa chumba ni upana wa mti. Ukitaka nafasi, unarefusha, hupanui. Akaninyooshea mikono kunionyesha upana wa chumba cha mama yake Lamu, akaenda nao hivyo hivyo mpaka ukutani, na ukafika karibu sawa. Baina ya nyumba hii na ile aliyozaliwa pana miaka mia nne na zaidi.

Nilipokuwa shule tulifundishwa kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu na Waajemi waliokuja na ustaarabu wao ndani ya majahazi, na sisi tukawa watu waliokuwepo. Hivyo ndivyo wachimbaji wa mwanzo walivyoitazama, Kirkman akiwa mmoja wao. Fikra hiyo imevunjwa na koleo lile lile. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya kale zaidi, na chini kabisa ya miti na udongo, tangu karne ya 8: mji umekua wenyewe pale pale, hatua kwa hatua, kutoka nyumba za udongo hadi za mawe. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya 1250 na 1800. Wamo waliozikwa hapa Mtwapa, jirani kabisa na Jumba, kwenye makaburi aliyoyachimba mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake kwa idhini ya wenyeji, kwa sharti kwamba marehemu warudishwe kaburini msimu ule ule. Matokeo yalisema kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilitoka kwa Waafrika, na hasa upande wa mama. Upande wa Asia uliingia zaidi kwa wanaume kutoka Uajemi, kuanzia mnamo mwaka 1000.

Nilimsimulia Shangazi haya tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi wa Nyumba ya Milango Mingi. Alichouliza kwanza ni kama kweli walirudishwa kaburini. Nikamwambia ndiyo. Akashusha pumzi. Kisha akasema, "Baba alikuja na jahazi, sawa. Lakini mtoto alibembelezwa kwa Kiswahili. Mama ndiye aliyetuachia lugha. Hilo halikuhitaji kufukuliwa." Na mimi nikaona kwamba miaka yote niliyokuwa nikitafuta vitabu vya kuthibitisha kwamba nyumba hizi ni zetu, uthibitisho ulikuwa unakunywa chai nami sebuleni: mwanamke anayeijua daka, msana na ndani bila kusoma kibao.

Tukateremka kuelekea baharini. Huko, karibu na mchanga, uko msikiti wa pwani, ulio mzuri kuliko yote ya Jumba. Kando yake pana makaburi, na moja lina maandishi. Jiwe limeliwa na chumvi, herufi zimepunguka. Nilikuwa najua yanachosema kwa kuwa nilisimuliwa zamani, nikaanza kumsomea, "Kullu nafsin...", naye akanipokea hapo hapo, "...dhaiqatul maut," akaendelea na aya yote ya Aal Imran kwa sauti ya chini mpaka mwisho wake: kila nafsi itaonja mauti, na ujira wenu mtalipwa kwa ukamilifu Siku ya Kiyama, na maisha ya dunia si chochote ila starehe ya kudanganya. Mchongaji yule wa miaka mia sita iliyopita na mwanamke huyu wa Lamu walikuwa wamehifadhi maneno mamoja, harakati kwa harakati. Akamwombea maiti yule rehema kama anavyomwombea jirani.

Mlangoni pa msikiti pana birika la kutawadhia, sasa kavu, lina majani makavu na mchanga uliopeperushwa. Na mbele yake, yamepandwa chini, mawe ya matumbawe yenye uso mkavu, unaokwaruza kama tupa. Mara zote nilikuwa nikiyapita. Shangazi aliinama akayashika.

"Unajua haya ni ya nini?"

Nilijua, lakini nilitaka kumsikia yeye.

"Ya miguu. Ukishatawadha, unasugua nyayo hapa. Mtu ametoka pwani pekupeku, ana mchanga, ana matope ya mikoko. Hawezi kuingia hivyo kwenye nyumba ya Mungu." Na misikiti ya kwao, akasema, ilikuwa nayo alipokuwa mdogo.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Katika machache aliyoyasimulia juu ya mji huo, ambao uko kilomita kama 15 kutoka hapa, hakuzungumzia dhahabu wala sultani. Alisema watu ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili, wanateka maji kwa chombo cha mti chenye mpini. Alisema watu wanatembea pekupeku, na anayetaka kuingia msikitini huosha miguu yake, na mlangoni kuna kipande cha mkeka mzito cha kujifutia. Msafiri aliyekwisha kuona Makka na Damascus, na kilichomkaa Mombasa ni miguu safi. Siku hizo Jumba lilikuwa hai. Kuna mtu aliyekuwa akisugua nyayo kwenye jiwe hili hili wiki ile ile mgeni yule alipolala kwa majirani zake.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea, na kutoka Mtwapa, kwa mbali, kusi ikatuletea adhana ya alasiri vipande vipande. Msikiti huu una chumba cha pembeni kinachosemwa kilikuwa cha wanawake, kimetengwa kwa ukuta. Nilikuwa nimemwonyesha tulipofika, naye alikitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Sasa akamwita mtunzaji, akamuuliza kwa adabu kama kuna ubaya akisali mle. Yule kijana akasema, "Hakuna ubaya, mama. Karibu."

Maji ya kunywa yalibaki chupa moja na nusu. Akavua makubadhi, akanipa niyashike, akakaa ukingoni mwa birika. Alitawadha polepole, kwa maji kidogo kidogo, na yaliyomwagika yakaingia ndani ya birika, yakatia doa jeusi kwenye chokaa kavu. Alipomaliza miguu alisimama, akashika bega langu, akausugua wayo wa kulia kwenye jiwe, kisha wa kushoto. Jiwe lilifanya kazi yake. Nilisikia sauti yake, ya kukwaruza, kama nazi kwenye mbuzi.

Akaingia chumba cha wanawake, akatandika leso, akafunga sala. Mimi nilibaki mlangoni na makubadhi mkononi, nikitazama nyayo zake za maji sakafuni, tangu kwenye jiwe mpaka kwenye leso, saba au nane, na upepo ukizikausha moja baada ya moja.